Jiji la Dodoma limepima viwanja, sasa likague vyumba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na Halmashauri ya Jiji la Dodoma, hasa madiwani wetu, kuhusu nyumba za kupanga.

Mimi ni fundi umeme wa majumbani, na mwenyewe nimepanga Nkuhungu. Kazi yangu hunifikisha ndani kabisa ya vyumba vya watu. Mwezi Julai wa mwaka mmoja niliitwa kwenye nyumba ya vyumba tisa, vyote vinatumia mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Soketi ilikuwa imeyeyuka na ukuta umeungua hadi karibu na kitanda alipolala mtoto mchanga. Nilipofungua nikakuta waya mwembamba wa 1.5, ambao ni wa taa, ndio uliobeba majiko ya umeme, pasi na hita za maji za nyumba nzima. Waya wa ardhi, unaomkinga mtu asipigwe na umeme, haukuwapo. Anayeijua baridi ya Dodoma mwezi wa saba anaelewa: alfajiri kila chumba kinachemsha maji ya kuoga kwa wakati mmoja.

Nilimpigia simu mwenye nyumba, anayeishi mkoa mwingine, nikamweleza kwamba nyaya zote zinatakiwa kubadilishwa. Akaniambia nifunge soketi mpya, basi. Mama wa yule mtoto alihama baada ya wiki mbili na hakurudishiwa kodi ya miezi minne iliyokuwa imebaki. Chumba hakikumaliza wiki kabla ya kupata mtu mwingine.

Kilipata mtu kwa sababu vyumba ni vichache. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika halmashauri hii; ya 2022 ikakuta 765,179. Serikali imehamia, wizara zimejengwa Mtumba, na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kinapokea wanafunzi tangu 2007. Watumishi wa umma kwa kiasi fulani wamefikiriwa, kuna nyumba za TBA, yaani Wakala wa Majengo, Nzuguni na za Shirika la Nyumba Iyumbu. Lakini anayefagia hizo ofisi za Mtumba, mama lishe wa Sabasaba, kijana wa bodaboda na mwanafunzi aliyekosa hosteli wote wanamtegemea mtu binafsi aliyejibana akajenga vyumba vitatu uani kwake.

Ardhi ipo. CDA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia ustawishaji wa makao makuu, ilipovunjwa mwaka 2017 kazi zake zilikuja kwenye halmashauri yetu, na tangu hapo viwanja vimepimwa kwa wingi na kuuzwa. Zunguka pembezoni mwa mji uone: bikoni za mipaka ya viwanja, vichaka vya miiba, na hapa na pale nyumba moja peke yake. Wengi walionunua wanasubiri bei ipande. Masharti ya hati yanamtaka mwenye kiwanja ajenge ndani ya miezi 36. Jiji lianze kuwaandikia ilani waliopitisha muda huo. Na katika upimaji unaokuja litenge viwanja vidogo vya vyumba vya kupangisha, maji na barabara vitangulie, na anayetaka kujenga apewe bure ramani iliyokwisha kuidhinishwa: kila chumba na choo chake, dirisha la kupitisha hewa, mita yake ya umeme. Mwenye mtaji mdogo hukwamishwa na gharama ya ramani na mzunguko wa kibali, mwisho anajenga bila kibali na mimi naitwa kuunganisha umeme kwenye nyumba ambayo hakuna mhandisi aliyeiona. Tena Jiji hili limejenga hoteli yake lenyewe. Linaweza pia kujenga ghorofa za vyumba vya bei ya chini na kupokea kodi kila mwezi.

Kuhusu ubora, halmashauri haihitaji kusubiri Bunge. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inawapa maafisa afya nguvu ya kukagua majengo, na madiwani wana mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Ninachoomba ni daftari la vyumba vya kupangisha katika kila ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa anazijua nyumba zenye wapangaji, maana sisi ndio tunaokwenda kwake kuomba barua za utambulisho. Mara moja kwa mwaka afisa afya na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wapite, waangalie umeme, choo, hewa na maji.

Hapa naomba umakini mkubwa. Ukaguzi wa kufunga vyumba siku hiyo hiyo utamwumiza mpangaji kwanza, kwa sababu hana pa kwenda. Mwenye nyumba apewe muda, tuseme miezi sita, na aandikiwe wazi cha kurekebisha. Kinachoweza kuua, kama ile soketi, kirekebishwe ndani ya siku chache, na akikaidi Jiji lirekebishe lenyewe kisha limdai. Asiachwe kupandisha kodi kwa kisingizio cha ukaguzi wakati mkataba bado unaendelea.

Mkataba wenyewe ni tatizo. Tangu sheria ya kudhibiti kodi za pango ya mwaka 1984 ifutwe mwaka 2005, tumebaki kupatana wenyewe, na mpangaji hupatana akiwa na mizigo mlangoni. Miezi sita mbele, mwezi mmoja wa dalali, karatasi ya daftari iliyokunjwa. Nawaelewa wenye nyumba: wengi hawana mkopo wa benki, hiyo kodi ya mkupuo ndiyo inayonunua bati la chumba kinachofuata. Kwa hiyo siombi Jiji lipange bei. Lichapishe mkataba mmoja wa Kiswahili, kurasa mbili, upatikane mtaani, useme fedha iliyobaki inarudije chumba kisipokalika, notisi ni ya muda gani, na kodi ya jengo ni ya nani. Hiyo kodi ni ya mwenye nyumba, lakini inakatwa kwenye LUKU, shilingi 1,500 kila mwezi, na katika nyumba ninazoingia anayenunua LUKU ni mpangaji. Sijakutana na aliyerudishiwa.

Jiji likiona kazi ni kubwa, lianze na kata moja. Ng'ong'ona ingefaa, kwa sababu vyumba vimejaa wanafunzi ambao wengi ndiyo mara yao ya kwanza kupanga. Daftari lifunguliwe na umeme ukaguliwe kabla wale wa mwaka wa kwanza hawajashuka na mabegi yao. Mafundi tupo, na mimi niko tayari kuzunguka nao.

Fundi umeme na mpangaji,
Nkuhungu, Dodoma