Askofu aliyekimbia

Morogoro, 16 Septemba

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, mama naye hajambo ila goti linamsumbua asubuhi. Anauliza utakuja lini.

Siku ile pale stendi ya Msamvu uliniuliza swali, konda akakuhimiza upande, basi likaondoka sijakujibu. Ulisema: "Huyu Sipriani tunayemkumbuka pamoja na Papa Kornelio, si alikimbia? Aliyekimbia anaitwaje shahidi?" Wiki tatu hizi nimekuwa nikisoma barua zake usiku. Leo ni kumbukumbu yake, nimeona nisilale kabla sijakuandikia.

Alikimbia kweli, wala tusimfichie. Kabla ya kuamini alikuwa mwalimu wa balagha pale Karthago, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Tunisia, mtu mwenye mali na jina. Alibatizwa yapata mwaka 246, akauza mali yake nyingi akawapa maskini. Haikupita miaka mitatu watu wakamtaka awe askofu, ingawa makasisi watano walimpinga, na kinyongo chao hakikuisha. Mara akaja Kaisari Desio na amri yake: kila mtu katika dola ya Roma aitolee miungu sadaka mbele ya tume, kisha apewe hati ya kuthibitisha.

Hati zenyewe zipo hadi leo, zimefukuliwa katika mchanga wa Misri. Moja imenikaa moyoni. Ni ya mzee wa miaka 72, Aurelius Diogenes, mwenye kovu kwenye nyusi ya kulia. Anaeleza kwamba siku zote ameitolea miungu sadaka, na sasa mbele ya tume amemimina kinywaji na kuonja nyama ya sadaka, naye anaomba waweke sahihi. Tarehe yake ni 26 Juni 250. Hebu fikiria, ndugu yangu: karani anakukagua uso, anaandika kovu lako, na uhai wako uko kwenye kikaratasi kile.

Karthago Wakristo walikwenda kwa makundi. Wengine walitoa sadaka, wengine walihonga wakapata hati bila kugusa ubani. Sipriani alijificha zaidi ya mwaka, akiliongoza kanisa kwa barua. Makasisi wa Roma, ambao askofu wao Fabiano alikuwa ameuawa, waliandika maneno yenye kuashiria mchungaji wa mshahara anayekimbia mbwa mwitu. Yalimchoma. Aliwajibu kwamba watu walikuwa wakipiga kelele wakimtaka yeye, na kukaa kwake kungeliletea kanisa zima ghasia. Mimi namwamini, ingawa naelewa pia waliokuwa gerezani wakiona kiti chake kitupu.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo kwangu ndilo jibu lenyewe. Walioanguka, yaani waliotoa sadaka au kununua hati, walianza kurudi. Baadhi ya waungama imani, yaani waliofungwa gerezani kwa kukataa kumkana Kristo, wakawaandikia vibali vya kupokelewa, na vingine vilisema tu "fulani apokelewe pamoja na watu wake". Sipriani alilalamika kwamba kwa maneno hayo watu ishirini au thelathini wangeweza kuingia kwa kibali kimoja. Upande mmoja walikuwapo waliotaka wote warudi mara moja kana kwamba hakuna lililotokea. Upande wa pili, kule Roma, kasisi Novasiano alisema wasirudi kamwe, akajifanya askofu dhidi ya Kornelio. Sipriani aliwakataa wote wawili. Mtaguso wa mwaka 251 uliamua kila mtu asikilizwe kwa hali yake: aliyenunua hati si sawa na aliyetoa sadaka. Aliyetoa sadaka afanye toba ndefu, apewe amani, yaani apokelewe tena, akifikia kufa.

Halafu tetesi za mateso mapya zikaenea, naye akalegeza. Yeye na maaskofu wenzake waliamua kuwapokea wote waliokuwa wakitubu. Sababu yao niliisoma mara tatu: tutawafundishaje kumwaga damu yao kwa ajili ya Kristo, ikiwa tunawanyima damu ya Kristo? Huyu ndiye aliyeandika kwamba hawezi kuwa na Mungu kwa Baba asiye na Kanisa kwa Mama. Watu hulitumia neno hilo kufungia wenzao mlango. Mimi, baada ya barua hizi, nasikia ndani yake mama anayetoka nje kuita wanawe.

Simkubalii kila kitu. Alishikilia kwamba aliyebatizwa na wazushi abatizwe upya, akabishana vikali na Papa Stefano, na mwaka 256 akakusanya maaskofu 87 wa upande wake. Baadaye Kanisa la Magharibi lilifuata njia ya Stefano, na nadhani ilikuwa sawa.

Mwaka 257 Kaisari Valeriani alianza tena mateso, Sipriani akapelekwa uhamishoni katika mji wa Curubis. Mwaka uliofuata, aliposikia askari wanakuja kumchukua hadi mji wa Utica, alikokuwa liwali, alijificha tena! Lakini soma alivyowaandikia watu wake: inafaa askofu aungame imani katika mji wa kanisa lake, mbele ya watu wake. Liwali aliporudi Karthago, naye akarudi nyumbani akangoja.

Tarehe 14 Septemba 258 liwali Galerius Maximus alimwambia ajifikirie. Akajibu kwamba katika jambo la haki iliyo wazi hivi hakuna la kufikiri. Hukumu iliposomwa alisema, "Tumshukuru Mungu." Uwanjani alivua joho, akapiga magoti akasali, akawapa mashemasi vazi lake, akabaki na kanzu ya kitani. Akaagiza yule wa kumkata kichwa apewe sarafu 25 za dhahabu. Alijifunga kitambaa machoni, ila mikono hakuweza kujifunga mwenyewe. Kasisi na shemasi mdogo, wote wawili wakiitwa Juliano, ndio waliomfunga. Waumini walikuwa wametandaza vitambaa mbele yake.

Nakumbuka uliniambia pia juu ya yule ndugu aliyerudi kwenye jumuiya yenu, na wengine hawataki asomewe jina kwenye zamu ya kusalisha. Nimekunakilia kwa mkono barua ile ya damu ya Kristo, kurasa nne. Nampa kaka yako Jumamosi akija kuchukua mchele. Isome nao siku ya jumuiya, na huyo ndugu awepo.

Wako,
rafiki yako wa siku zote