Barua kwa Mwanaidi: Kupika Nyanda za Juu

Mbeya,
Juni.

Mpendwa dada Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka Mbeya, ambako sisi sote tu wazima, ingawa baridi imeshaanza kutufungisha milango mapema. Barua yako imenifikia, nami nimeisoma kwa makini, hasa pale unapolalamika kwamba tangu mhamie Njombe maharage yanashinda jikoni kutwa nzima, wali unabaki na kiini, na muuza mkaa ndiye anayefaidi mshahara wenu. Umeuliza kama ununue jiko jingine. Usinunue, kwa kuwa kilichobadilika si jiko bali ni maji.

Kule Tanga, usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi joto 100. Kadiri mtu anavyopanda, mgandamizo wa hewa hupungua na maji huchemka kwa joto dogo zaidi, pungufu ya nyuzi moja hivi kwa kila mita 300. Hapa Mbeya mjini tuko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na ninyi mlio juu kuliko sisi mnapungukiwa tena kidogo. Yakishachemka, hayapandi joto zaidi ya hapo hata ukimwaga gunia zima la mkaa. Utakachoongeza ni mvuke tu, na sufuria itakauka chakula kikiwa bado kigumu. Moto wako uache ulivyo, uongeze muda, na kabla ya muda uongeze maandalizi.

Maharage ndiyo yenye kazi kubwa. Yachambue na kuyaosha jioni, uyaroweke kwa maji mengi yenye chumvi kidogo, na asubuhi umwage maji hayo na kuteleka kwa maji mapya. Najua utaambiwa na majirani kwamba chumvi huyafanya yawe magumu; mimi siafiki, kwani chumvi ya kurowekea hulainisha ganda. Adui wa kweli ni uchachu. Nyanya, ndimu au ukwaju ukiingia sufuriani kabla maharage hayajaiva, ganda hukaza na utapuliza moto mpaka jioni. Chukua punje moja, iminye kati ya kidole gumba na cha shahada: ikisagika yote bila kuacha kiini kigumu katikati, hapo ndipo uunge kitunguu na nyanya zako. Magadi huharakisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 na yakizidi mchuzi unakuwa na ladha ya sabuni, kwa hiyo mimi nayaacha kabisa. Sokoni uliza maharage ya msimu huu, kwa sababu yaliyokaa ghalani muda mrefu hayalainiki vizuri hata yakirowekwa. Yale mekundu makubwa yana sumu ya asili ambayo huondoka kwa kuchemka sawasawa tu, si kwa kufukuta taratibu; nayaacha yatokote kwa nguvu nusu saa nzima kabla ya kupunguza moto.

Fedha ikipatikana, nunua sufuria ya presha kabla ya kufikiria kitu kingine chochote cha jikoni. Mvuke uliofungiwa ndani hulazimisha maji yapite nyuzi 110, kwa hiyo mlima hauna tena la kusema. Usiijaze maharage na maji kupita nusu, kwa sababu povu linaweza kuziba tundu la mvuke, na usifungue mfuniko mpaka mvuke wote uishe wenyewe.

Kuhusu wali, nadhani mchele wa Kyela unaununua huko pia, na ni haki yake kusifiwa kwa harufu. Uoshe, uuroweke kama dakika 20, kisha kwa kila kikombe weka vikombe viwili vya maji ya moto na nyongeza kidogo, kwani sehemu ya maji itapotea kwa mvuke kabla punje haijaiva. Mchele mpya hunywa maji machache, kwa hiyo pika kidogo kwanza uupime. Maji yakikaribia kukauka, punguza makaa ya chini, upalie juu ya mfuniko, na uache kufunuafunua. Kila ukifunua unaufukuza mvuke ule ule unaoutegemea.

Nyama ikate vipande vidogo, ukikatiza nyuzi zake badala ya kuzifuata. Kwa kazi hiyo kisu butu ni adha. Pindua kikombe cha kauri, utaona chini yake mviringo mkavu usiong'aa. Pitisha makali ya kisu juu ya mviringo huo kwa kukilaza kidogo, upande huu kisha upande wa pili, mpaka kikate nyanya bila kuiminya. Kisha kifute vizuri.

Maandazi yana shida iliyo kinyume. Hamira huzubaa kwa baridi, basi kanda kwa maji ya vuguvugu na uweke bakuli karibu na jiko, ulifunike kwa kanga. Usiangalie saa, angalia donge: likishafikia maradufu linatosha, maana kwenye hewa nyepesi likipata joto huumuka upesi na likipitiliza hubonyea. Mafuta yako yawe na moto mdogo kuliko uliozoea Tanga, kwa kuwa huku juu andazi huwahi kuwa jekundu nje huku ndani bado ni unga mbichi. Tupia kipande kidogo cha donge. Kikizama kisha kikapanda taratibu kwa mapovu madogo, anza kukaanga.

Viazi vya huko kwenu sina la kuvifundisha, vinaiva vyenyewe. Viweke tu gizani, na sehemu iliyogeuka kijani uikate uitupe, kwa sababu ina sumu.

Jambo moja nakusihi. Mwezi huu na ujao utashawishika kuliingiza jiko la mkaa chumbani ili watoto wapate joto. Makaa hayo, hata yasipotoa moshi, hutoa gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Ota moto jikoni dirisha likiwa wazi, kisha jiko lilale nje.

Msalimie shemeji na watoto. Ukipata mtu anayekuja Mbeya mpe kilo mbili za viazi, nami nitamrudisha na mchele.

Ni mimi rafiki yako,
Atupele