Boksi liseme: taa hii inatoa ozoni au haitoi?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Hapa Kigoma mjini, kuanzia maduka ya vifaa vya umeme ya Mwanga hadi kwa vijana wanaotembeza bidhaa Ujiji, kuna mashine za aina mbili zinazouzwa kwa jina moja la "kisafisha hewa". Moja ni taa ya miale ya urujuanimno, UV kama tunavyozoea kuiita. Nyingine ni kiboksi chenye feni kinachotengeneza gesi ya ozoni. Zipo zinazofanya yote mawili na muuzaji mwenyewe hana habari. Mnunuzi anaambiwa washa, lala, asubuhi chumba hakina kijidudu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Shahada sina, ila vitu hivi viwili navijua kwa mwili wangu. Moto wa kuchomelea unatoa UV, na ndiyo inayotuunguza macho. Kijana mgeni wa kazi akidharau kioo cheusi mchana, usiku macho yatamkwaruza kama yamejaa mchanga na nyumba nzima haitalala. Tena tunapochomelea alumini kwa gesi ya argoni, mfano sehemu za injini za boti zinazoletwa kutoka Kibirizi, miale hiyohiyo inapasua oksijeni ya hewani na kuzaa ozoni. Ina harufu kali ya peke yake, inakereketa koo. Kazi hiyo hatuifanyi tukiwa tumefunga milango.

Basi juzijuzi nimepita kwenye nyumba ya wageni ya shemeji yangu, nikakutana na harufu hiyo kwenye chumba chenye shuka nyeupe. Nikamuuliza, "Shemeji, umenihamishia karakana chumbani?" Akacheka, akanionyesha mashine aliyonunua ili kuondoa harufu ya dagaa na sigara. Muuzaji alimwambia hiyo ndiyo hewa safi ya baada ya radi. Kuhusu radi hakudanganya, maana nayo huzaa ozoni. Lakini nani amewahi kulala ndani ya radi? Binti anayefanya usafi pale, ambaye ana pumu, alikuwa amekaa nje anatafuta pumzi.

Niliisoma karatasi ya mashine ile: miligramu 10,000 za ozoni kwa saa. Chumba kina meta 3 kwa 4, na dari iko meta 3 juu, yaani meta za ujazo 36. Piga hesabu. Kwa dakika moja mashine inatoa miligramu 166 na ushei, ukigawa kwa 36 unapata zaidi ya miligramu 4 kwa kila meta ya ujazo. Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa saa 8 usizidi mikrogramu 100, yaani sehemu ya kumi ya miligramu moja. Ni kweli ozoni haikai, inakula ukuta, pazia na godoro huku ikiisha. Na karatasi za mashine hutia chumvi. Haya, tuseme imetia chumvi mara 10. Bado dakika moja tu ya chumba kilichofungwa inavuka kipimo mara 4, na mgeni analala mpaka asubuhi.

Watu wanadhani harufu ikipotea, kazi imefanyika. Ozoni inapumbaza pua pia, kwa hiyo uchafu unaweza kuwa palepale na wewe huusikii. Ikikutana na sabuni za kudekia zenye harufu ya limau, inazaa fomaldehaidi, kemikali inayotengenezewa dawa ya kuhifadhi maiti. Mpira nao inaupasua. Na ili iue vijidudu vya hewani kweli, inabidi ijae kuliko mapafu ya mtu yanavyoweza kuvumilia. Moshi wa mkaa, ambao ndio unatuumiza zaidi majumbani huku kwetu, haiupunguzi.

Siichukii gesi yenyewe. Tangu Christian Friedrich Schönbein alipoitambua kule Basel, Uswisi, mwaka 1839, imepata kazi nyingi nzuri. Mji wa Nice, Ufaransa, ulianza kusafisha maji yake kwa ozoni mwaka 1906. Ndani ya tangi la maji hakuna anayepumua.

UV nayo ina historia ya heshima ambayo wauzaji wetu wanaichezea. Miaka ya 1930 na 1940 Mmarekani William Wells alifunga taa za UV juu ya madarasa huko Pennsylvania, na surua ikapungua kwa wanafunzi. Miaka ya 1950 huko Baltimore, Richard Riley na wenzake walivuta hewa ya wodi ya kifua kikuu wakaipeleka kwa simbilisi. Waliopata hewa iliyopitishwa kwenye UV hawakuambukizwa, wenzao waliambukizwa. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa namna hiyo kutoka hospitali ya kifua kikuu sugu Afrika Kusini: taa juu ya vichwa vya wagonjwa, feni ikizungusha hewa, maambukizi yakapungua kwa takriban asilimia 80. Zingatia mahali taa ilipo. Ni juu, imekingwa, mwanga wake haumfikii mtu, na pangaboi linapandisha hewa kwenda kuoshwa. Hii ya kuweka mezani karibu na kitanda cha mtoto ni moto wa kuchomelea bila kioo cheusi. Nyingine ni taa ya rangi ya bluu tu, haiui hata mbu.

Sasa lipo jambo ambalo kwa macho huwezi kulitambua. Taa ya zebaki inatoa miale ya nanometa 254 (nanometa ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) inayoua vijidudu, na pia ya nanometa 185 inayotengeneza ozoni. Kiwanda kikitumia kioo cha kwazi kinachozuia ile 185, taa haitoi ozoni. Kikitumia kinachoiachia, inatoa. Ukiziweka mbili pamoja kaunta, hata mimi siwezi kuzitofautisha. Zimeanza kuja pia taa za nanometa 222, ambazo majaribio yanaonyesha ni nafuu kwa ngozi na macho. Hizo nazo hutoa ozoni kidogo, kwa hiyo dirisha haliepukiki.

Jimbo la California, tangu 2010, haliruhusu kuuzwa kisafisha hewa cha nyumbani kinachozidisha ozoni sehemu 50 kwa bilioni. Sisi tuna TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na naiomba idai maandishi ya Kiswahili juu ya boksi, si ndani kwenye kijikaratasi: inatoa ozoni au haitoi, na kama inatoa, iwashwe chumba kikiwa hakina mtu wala mnyama, kisha madirisha yafunguliwe kabla mtu hajaingia. Mabwana afya wa manispaa wanaokagua vyoo na magodoro ya nyumba za wageni waulize na hili.

Shemeji sasa anaiwasha mchana vyumba vikiwa vitupu, na ufunguo wa chumba anakaa nao yeye mpaka kipigwe upepo. Aliyemuuzia amekataa kuirudisha, anasema bidhaa haina kasoro. Kwa maandishi yaliyopo kwenye boksi leo, hatuna pa kumshika.

Fundi wa kuchomelea,
Mwanga, Kigoma