Kubahatisha majibu ya NCLEX kunawaponza wauguzi wetu

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wauguzi wenzangu wa Kisumu na viunga vyake wanaojiandaa kwa NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi nchini Marekani, na hasa wanaotaabishwa na maswali yanayomtaka mtahiniwa achague majibu yote yanayofaa.

Majuzi nilihudhuria darasa moja la jioni hapa mjini, nikamsikia mkufunzi akiwashauri wanafunzi kwamba anayekwama atie alama kwenye majibu mengi kadiri awezavyo, kwa kuwa hatakosa kuyapata baadhi. Ushauri huo unapoteza watu. Tangu mtihani ulipobadilishwa Aprili 2023, katika maswali haya jibu sahihi huongeza alama moja na lisilofaa hukata moja, ingawa jumla ya swali haishuki chini ya sifuri. Tuseme majibu ni matano na yanayofaa ni matatu: aliyechagua mawili sahihi na kuliacha la tatu ana alama mbili, ilhali aliyeyazoa yote matano anabaki na moja.

Dawa yake ni kulipima kila jibu peke yake, ndiyo au siyo, kana kwamba mengine hayapo. Mimi nilijizoeza kwa kuyafunika mengine kwa kiganja. Chukua mgonjwa anayeongezewa damu, ambaye ghafla anatetemeka kwa baridi na kulalamikia maumivu ya kiuno. Unaulizwa muuguzi afanye nini, na mbele yako pana kusimamisha damu, kupunguza kasi yake, kumwarifu daktari, kupima joto na shinikizo la damu, na kuutupa mfuko. Kupunguza kasi kunaonekana kama busara, lakini damu inayoingia polepole ni ile ile inayomdhuru. Mfuko nao hautupwi, kwa sababu maabara itauhitaji ili kuchunguza kilichotokea. Yanabaki matatu, wala hukuhitaji kujua mapema kwamba yangekuwa matatu.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wenye uzoefu hatupendi kuambiwa. Sista aliyezoea zamu ya usiku ambamo wauguzi wawili wanahudumia wodi nzima, na glavu zinahesabiwa moja moja, hujibu kwa mazoea ya wodi hiyo. Hospitali ya kwenye mtihani haipungukiwi na kitu: glavu zipo, daktari anapatikana, maabara iko wazi. Nimewaona wauguzi hodari, ambao ningewakabidhi mama yangu mzazi bila wasiwasi, wakiliacha jibu sahihi kwa kuwa tu kwao haliwezekani.

Ombi langu ni kwa wanaoendesha madarasa haya. Kijitabu kilichouzwa jioni ile, nakala ya nakala hata maandishi yamefifia, bado kinasema kwamba ukikosea jibu moja umepoteza swali zima. Ndivyo ilivyokuwa kabla ya Aprili 2023. Mtu anayelipa dola 200 za kujisajili, mbali na karo ya darasa, anastahili kuelezwa siku ya kwanza jinsi alama zinavyotolewa sasa, na vijitabu hivyo viondolewe mezani.

Muuguzi,
Kisumu