Asante wewe uliyenifundisha Joka

Sijui nikuite nani, maana hukuniachia jina. Lakini jioni zile ulizokaa nami juu ya Ulinzi wa Sisilia, ufunguzi wa mweusi kwenye sataranji (chess), tawi lake la Joka, sijazisahau. Nilikuwa nakariri hatua tu. Mweupe, yaani mpinzani wangu, akisukuma kitunda, ile kete ndogo, hadi mraba wa h4 kisha h5, mfalme wangu kwisha. Wewe ulinipa sababu: ngome ya c8 imle farasi wa c3 hata kama italiwa, maana ukuta wa mfalme mweupe unapasuka, na askofu wa g7 anaanza kuuma kwenye mshazari mrefu. Ukanirudisha pale pale tena na tena, bila kuchoka. Jana niliitoa ngome ile bila kusita. Ahsante sana, mwalimu wangu.