Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kaskazi, Nyanya Zetu na Matuta ya Mchicha

Ndugu wanachama wa umoja wetu wa wakulima wa mboga, bibi shamba wetu, mjumbe wa serikali ya mtaa, wazee wetu, na akina mama mliowahi pantoni ya alfajiri ili mrudi Kigamboni kabla kikao hakijaanza: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa waliobaki, habari za asubuhi.

Kabla sijafungua daftari, tusimame kidogo tuwakumbuke wenzetu waliotangulia mbele ya haki tangu mkutano uliopita.

Ahsanteni. Tukae.

Katibu alinishauri nianze na mafanikio, matatizo niyasogeze katikati, pale watu wanapoanza kusinzia. Nimekataa. Naanza na nyanya, kwa sababu tangu Februari mnazijadili kisimani, na kila mmoja wenu anajua wazo lile lilikuwa la nani.

Vuli ilipoanza kunyesha niliwasimamia hapa hapa chini ya mwembe, nikawaambia kipande cha shamba letu la pamoja, ile robo ekari, tukiweke nyanya tupu, zianze kuiva kaskazi, majira yetu ya joto, ikiwa katikati, tuuze tenga kwa bei tunayoitaka sisi. Hesabu nilizipiga mwenyewe na zilitoka vizuri. Hesabu za asiyeuliza hutoka vizuri siku zote. Bibi shamba alikuwepo, akasema, "Mwenyekiti, nyanya na joto la Januari haviivani." Nikamjibu kwamba sisi tuna maji. Nakumbuka mlipiga makofi, lakini makofi yale siwadai.

Miche ilishika, ikarefuka, ikatoa maua ya kumfurahisha mtu. Halafu maua yakapukutika. Asubuhi ukipita unayakuta chini yamelala kama mchele uliomwagika. Tulidhani ni mbolea, tukaongeza samadi. Mimea ikazidi majani, maua yakazidi kudondoka. Bibi shamba alitueleza bila hasira, na ndiyo maana namheshimu. Nyanya inataka usiku wa ubaridi kiasi. Usiku ukipita nyuzi 21 hivi, kushika matunda kunaanza kupungua, na mchana ukizidi nyuzi 32 chavua yenyewe inadhoofika. Sasa vuta picha ya hapa kwetu mwezi wa pili: mchana ni hizo hizo 32, na usiku joto linazunguka kwenye 25. Juu yake weka unyevu wa bahari unaofanya chavua igandane badala ya kudondoka. Lushoto, kule milimani, wakati huo watu wanajifunika blanketi. Sisi tunalala sakafuni na milango wazi, halafu tunashangaa nyanya inakataa kuzaa.

Hilo lingevumilika. Kilichotumaliza ni mnyauko. Mmea wa kijani kibichi, hauna doa, hauna mdudu, saa saba mchana umelala kama uliomwagiwa maji ya moto. Jioni unainuka kidogo. Siku ya tatu hauinuki tena. Tukasema ni kiu, tukaongeza maji, na kwa kuongeza maji tukausambaza ugonjwa kutoka mstari hadi mstari. Bibi shamba alikata kipande cha shina karibu na ardhi, akakiweka kwenye glasi ya maji safi tukiwa tumemzunguka. Baada ya muda mfupi vikaanza kushuka vinyuzi vyeupe, kama maziwa yanavyoingia kwenye chai. Mnyauko bakteria. Unapenda joto, unapenda udongo uliolowa, unatembea na maji, na jembe, na viatu vyetu, na ukishaingia udongoni hukaa miaka. Hakuna dawa ya kupuliza inayoutibu. Nasema hivyo huku nikijua kwamba wiki moja kabla ya glasi ile tulikuwa tumeshauziwa dawa dukani, na hundi ya malipo niliisaini mimi.

Tulivuna matenga machache ya nyanya ndogo zenye makovu ya jua. Hasara ile ni yangu kwanza, kabla ya kuwa ya umoja, na mkitaka kunihoji leo, nafasi ipo.

Yanayofuata siyo maombi. Robo ekari ile isiguswe na nyanya, wala bilinganya, wala pilipili, wala nyanya chungu, wala viazi mviringo. Hao wote ni ukoo mmoja na ugonjwa wao ni mmoja. Tumeshaweka mahindi, na yataendelea. Mimea iliyokufa tulikubaliana ing'olewe na kuchomwa. Mwenzetu mmoja aliiona ni mbolea ya bure, akaipeleka kwenye shimo la mboji. Simtaji, ila amekaa karibu na mlango. Mboji ya shimo lile isipelekwe kwenye tuta la mtu yeyote.

Kwa anayependa nyanya kweli, wakati wake kwetu ni kipupwe, Juni hadi Agosti, usiku unapopoa. Na ipo njia ya kuunganisha mche wa nyanya juu ya shina la bilinganya, kwa kuwa mizizi ya bilinganya zilizochaguliwa kwa kazi hiyo huvumilia mnyauko na hata maji yanayotuama. World Vegetable Center, kile kituo cha utafiti wa mboga chenye ofisi Arusha, wamekuwa wakiifundisha njia hiyo kwa nchi za joto. Ni kazi ya mikono mitulivu na wembe safi. Nimewaona vijana wetu wawili wenye mikono hiyo. Nitawafuata kabla ya kipupwe.

Sasa nije kwenye yale ambayo hayakunihitaji.

Wakati mwenyekiti wenu anahangaika na nyanya, matuta yenu binafsi ya mchicha yalikuwa yanawalipia watoto ada. Kaskazi yote, hakuna wiki mchuuzi aliyeondoka hapa mikono mitupu. Mchicha una namna ya kulitumia jua inayofanana na ya mahindi na mtama: joto likipanda mboga nyingine zinasinzia, wenyewe ndiyo kwanza unajenga majani. Wiki tatu hadi nne tangu kusia, tuta limeshang'olewa. Hakuna zao lingine linalokurudishia hela yako haraka hivyo katika joto hili, na sisi tulikuwa tunaliita zao la masikini.

Hata hivyo tumejifunza mambo, mengine kwa kuumia. La kwanza, mbegu. Mtu anasia kilo kwenye tuta moja akidhani wingi ni mavuno. Miche inasongamana, hewa haipiti, kinyausi kinaingia, asubuhi unakuta miche imekatika kiuno imelala. Changanya mbegu na mchanga ndipo usie. La pili, samadi ya kuku. Mbichi inaunguza, iache ioze hadi harufu kali iishe. Mchanga wetu huu wa pwani haushiki rutuba, kila ukimwagilia unaishusha chini, kwa hiyo ni afadhali samadi kidogo iliyooza kila unaposia kuliko lori zima mara moja kwa mwaka.

La tatu ndilo lililoleta maneno mengi kwenye zamu: maji ya jioni. Najua jioni jua limepungua na keni inabebeka. Lakini majani yakilala na maji katika hewa hii nzito, ukungu unaamka nayo. Mwagilia alfajiri, na ukilazimika jioni, elekeza maji kwenye udongo. Wale waliotandaza nyasi kavu waliweza kuruka hata zamu moja bila mboga kulegea, na hawakuwa na maneno na mtu.

Kuhusu matuta yenyewe, wazee wetu walishatufundisha na sisi tunasahau kila mwaka. Kaskazi lima matuta mbonyeo ili maji yakae. Masika yakikaribia yageuze yawe mwinuko. Machi hii wengi tulichelewa kwa sababu ya uvivu wa siku mbili tatu, mvua ikaja usiku, na matuta yakageuka mabwawa ya vyura. Matembele peke yake yalicheka.

Na hayo matembele tuyape heshima yake. Kipande cha shina, maji, basi. Unachuma na yanarudi. Mlenda nao haukuwahi kukataa joto, na wateja wa kutoka bara wanaoujua wanaufuata hadi shambani. Kunde za majani zilifanya vizuri kwa waliochuma zikiwa changa. Kisamvu sikisemei sana, maana kila mtu ana miti yake uani. Nawaomba tu mnaouza kwa wageni muwaambie kitwangwe na kichemshwe vya kutosha, kina sumu ikiliwa kijuujuu.

Bamia zilitupa raha na karaha. Mbegu iliyolowekwa usiku mmoja iliota vizuri, na baada ya siku hamsini na kitu watu walikuwa wanachuma. Wengi hawaamini kwamba bamia haina Jumapili. Inachumwa kila baada ya siku moja. Ukienda kwenye msiba Tanga ukarudi siku ya nne, unachokikuta mtini ni kamba, na mti ukishakomaza mbegu unapunguza kuzaa. Wawili wetu waling'oa bamia zao wakakuta mizizi ina manundu kama shanga. Hiyo ni minyoo fundo. Msirudie bamia hapo, na msidhani nyanya au tango litasalimika.

Sukuma wiki na chainizi zilitoboka kama kichungio. Viwavi wanazaliana haraka kwenye joto, na hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo kama mwenyekiti siwezi kulipitia juu juu. Kuna mwanachama alipuliza dawa Ijumaa na kuuza Jumamosi. Kibandiko cha dawa kina siku za kusubiri. Zisome, na kama huoni vizuri mwite mtoto akusomee. Nunua dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, siyo iliyopimwa kwenye chupa ya soda. Mboga ile inaliwa na watu wanaotuamini. Kamati imempa onyo, na akirudia tutamtoa. Mimi mwenyewe kaskazi ijayo sitapanda chainizi kabisa. Kupambana na viwavi miezi mitatu kwa faida ya fungu moja sioni maana yake.

Maji. Kisima cha upande wa mikoko kilianza kuwa na ladha ya chumvi mwishoni mwa Februari. Kunde zilizomwagiliwa pale ziliungua ncha za majani. Mchicha na spinachi vilistahimili. Tukivuta maji kwa nguvu mchana kutwa wakati mvua imekatika, maji matamu yanapungua chini na ya bahari yanasogea kujaza nafasi. Ndiyo maana kamati iliweka saa za pampu, alfajiri hadi saa tatu, na ndiyo maana niliufunga mkono wa pampu kwa kufuli. Aliyelivunja lile kufuli alileta jipya mwenyewe baada ya siku mbili, tumeyamaliza.

Soko. Hapa nina jambo moja tu la kuwaambia, na ndilo lililonikosesha usingizi baada ya nyanya. Kabeji ya Lushoto inapanda lori, inalala njiani, inafika Dar es Salaam ikiwa nzima. Nyanya za Ilula na mboga za Mgeta vivyo hivyo. Huko kuna ubaridi, kuna maji, kuna mashamba makubwa. Hatuwawezi, na kaskazi ndiyo kabisa. Lakini mchicha uliosafiri usiku mzima kwenye joto ukifika hapa ni chakula cha mbuzi. Mchicha, matembele, mlenda, kunde: hivi vinatakiwa ving'olewe alfajiri na viwe sokoni kabla jua halijakaza. Ukaribu wetu na mji ndiyo mali yetu. Mimi nilikuwa nataka tushindane na watu wa milimani kwa zao lao, kwa hali ya hewa yetu.

Kuhusu kuuza kwa tuta, malalamiko bado yapo. Mchuuzi anakubaliana bei, anang'oa nusu, anarudi baada ya siku tatu mchicha umeshachanua, anataka apunguziwe. Kuanzia sasa tuta lililolipiwa kianzio ling'olewe ndani ya siku mbili. Zaidi ya hapo mwenye tuta yuko huru. Na ninyi wanachama, mkishapokea kianzio cha mtu msimuuzie mwingine kwa sababu kaja na pikipiki.

Nina mapendekezo ya kupigiwa kura. Kaskazi ijayo upande wa pili wa shamba la pamoja, ule ambao haukuguswa na nyanya, tuweke mchicha na mlenda kwa kupokezana matuta, tukisia kila wiki matuta machache badala ya kusia yote siku moja na kushindana wenyewe kwa wenyewe sokoni. Pia tujenge kitalu cha paa la makuti, kwa sababu miche iliyoatikwa juani ilikufa zaidi ya ile ya chini ya mwembe. Na jambo la tatu: zao lolote jipya la shamba la pamoja lisipandwe kabla bibi shamba hajasema neno lake, na neno hilo liandikwe kwenye kumbukumbu, hata kama mwenyekiti halipendi.

Namkaribisha mweka hazina asome mapato na matumizi. Risiti ya dawa ya nyanya imo humo, ukurasa wa tatu. Aisome na yenyewe.