Bati za darasa la Yesu Mwalimu, jamani tusaidieni kabla ya vuli

Tumsifu Yesu Kristo!

Ndugu zetu wa kigango, wana jumuiya, vijana wetu mlioko Dar, Geita na kokote mlikotawanyika, naandika kwa niaba ya kamati ya ujenzi na nikiri mapema kwamba naandika kwa aibu kidogo, maana ni miaka miwili tu toka tuwachangishe kwa jengo hili hili na mlitoa, wengine mlitoa mpaka jogoo akapigwa mnada mara tatu.

Darasa la mafundisho limeezuliwa. Ilikuwa mwezi wa nne, Jumamosi mchana, upepo ukatoka ziwani kama unavyojua huku kwetu Kayenze, Mwanza, dakika kumi tu bati zote za upande wa ziwani zikawa kwenye shamba la mihogo la jirani. Watoto walikuwa ndani, namshukuru Mungu hakuna aliyeumia, walijibana chini ya madawati na katekista wetu akasimama mlangoni kuwazuia wasikimbie nje zilikokuwa zinaruka bati. Tuliporudi kesho yake kabla ya misa, ubao ulikuwa bado una maandishi, ameandika NJIA, UKWELI NA UZIMA kwa chaki, mvua imeyashusha mpaka chini yamekuwa michirizi myeupe, neno lililosomeka ni NJIA peke yake. Ile picha ya Yesu Mwalimu aliyotuachia sista ilikuwa imevimba kama mkate kwenye chai.

Sasa niseme ukweli, kosa ni letu kamati. Tulinunua bati geji 32 kwa sababu ilikuwa nafuu (kwenye bati namba ikipanda wembamba nao unapanda, tulijua, tukajifanya hatujui), na fundi alikalisha kenchi (fremu za mbao za paa) juu ya tofali bila kuzifunga kwa nondo kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya ukuta). Ufukweni huku hilo si paa, ni tiara. Safari hii ni geji 28 na kenchi zinafungwa, hatutaki kurudi kwenu tena na kofia mkononi.

Toka hapo watoto wanasoma chini ya mwembe, 83 wa komunio ya kwanza na 41 wa kipaimara. Kuna mzee mmoja, simtaji na anajijua, aliniambia Yesu mwenyewe hakuwa na darasa, alifundisha kwenye mtumbwi wa Simoni, sasa nyie bati za nini. Mzee wangu shikamoo, ni kweli, Luka sura ya 5 anasema alikaa chomboni akafundisha makutano walioko ufukweni, na sisi watu wa ziwa tunaipenda sana habari hiyo, hata mimi. Lakini endelea kidogo tu mpaka sura ya 7, utakuta akida wa Kirumi ambaye wazee wa Kapernaumu wanamwombea kwa Yesu wakisema "analipenda taifa letu, naye alitujengea sinagogi". Na Yohana anasema Yesu alifundisha katika sinagogi huko huko Kapernaumu. Kwa hiyo Mwalimu alikaa chini ya paa lililotolewa na mtu ambaye hata wa dini yao hakuwa! Na hapa kwetu imekuwa vile vile, tripu ya kwanza ya mchanga imeletwa na jirani yetu Mwislamu kabla Mkatoliki yeyote hajatoa hata msumari. Wabeja (asante) sana baba. Wengine mjipime wenyewe.

Halafu tusisahau tunakaa wapi. Mwaka 1879 Padre Lourdel na Bruda Amans, wamisionari wa kwanza Wakatoliki kufika Uganda, walipanda mtumbwi hapa jirani Kageye kwenda Buganda, mafundisho ya Kikatoliki ya Uganda yalianzia safari kwenye mchanga huu, leo watoto wa huku wanakariri amri za Mungu huku wanaangalia wingu!

Tumepanga harambee Jumapili ya mwisho ya Oktoba baada ya misa ya pili. Tumeichagua kwa makusudi, ndiyo siku ambayo Familia ya Mtakatifu Paulo, yale mashirika ya kitawa aliyoyaanzisha Mwenyeheri Padre James Alberione kule Alba, Italia, kuanzia 1914, wanaadhimisha Yesu Mwalimu. Ibada hii tumeipata kupitia vitabu vya masista wa Paulines, ambao ni wa familia hiyo hiyo, na sala fupi ambayo watoto wetu wanaijua kuliko wimbo wa taifa ni ile ya "Yesu Mwalimu, Njia, Ukweli na Uzima, utuhurumie". Huyo Alberione alikuwa kijana wa miaka 16 alipokesha mbele ya Ekaristi usiku wa kuamkia 1901, na kazi yake yote anasema ilianzia pale. Miaka 16 ni kipaimara, ndo hao walioko chini ya mwembe.

Hesabu: bati 70 kwa 32,000 ni 2,240,000. Mbao, nondo, saruji na misumari 1,900,000. Fundi 700,000 (si yule). Jumla 4,840,000, tunayo 1,115,000, bado 3,725,000. Ukishindwa vyote toa bati moja. Pesa zipite kwa mhazini wa jumuiya yako au ofisi ya parokia, mdai risiti, usitume kwenye simu ya mtu hata kama ni mimi. Matumizi yatasomwa kanisani. Na wale wenye ahadi za harambee iliyopita, daftari bado lipo na halijaloa.

Mbao tulizokwisha nunua zimehifadhiwa bure kwenye stoo ya mama mmoja wa dagaa pale mwaloni, ila ametuambia mwisho ni Oktoba, Novemba mzigo wake unaingia na mbao zitatoka nje.